Kwinini, na swali la bibi

"Mama, hii dawa inatoka kwenye mti gani?" Binti yangu aliniuliza juzi nikimpa mseto, dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, pamoja na kikombe cha maziwa, maana bila mafuta tumboni lumefantrini haifyonzwi vizuri. Nikamwambia artemetha asili yake ni pakanga, mmea ambao Tu Youyou na wenzake kule China walitoa kiini chake mwaka 1972. Akaridhika, akalala. Mimi mawazo yakanipeleka Muheza, 1994.

Degedege lilinishika usiku. Njia ya kwenda hospitali siikumbuki. Nilizinduka wodini, mkono umefungwa kwenye kipande cha boksi, kwinini inadondoka ndani ya maji ya sukari. Masikio yanavuma kama nimeingiza kichwa mzingani, watu wanasema mdomo tu naona unacheza. Bibi alikuwa kando ya kitanda, kanga yake inanuka mwarobaini aliokuwa akinichemshia tangu juzi yake. Muuguzi alihesabu matone kwa saa ya kifuani. Iingie kwa muda wa saa nne, alisema, ikikimbia moyo unasumbuka.

"Na hii yenu inatokana na nini, mwanangu?"

"Gome la mti, bibi. Wajerumani waliipanda miti yake hapo Amani."

Bibi akainuka kabisa. Amani ni huko juu mlimani kwetu! "Kumbe mti! Sasa wangu mbona hamuupimi?"

Muuguzi akakawia. "Wako, bibi, hatujui kikombe kimoja kina dawa kiasi gani."

Jibu lile nalikubali mpaka leo. Gedunini na nimbolidi, kemikali zilizomo kwenye mwarobaini, huua vimelea vya malaria maabara, ila chupa ya maabara si damu ya mtoto. Ndiyo maana nagombana na wanaotibu malaria kwa chai ya pakanga: dozi haijulikani, na vimelea vikionjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea. Lakini swali la bibi nalo linaniuma. Wazungu walikunywa gome la msinkona, mti wa kwinini, tangu karne ya 17, na kwinini yenyewe ikatengwa Paris mwaka 1820. Mwarobaini wetu umengoja sana.

Tuliporudi nyumbani, bibi alinimezesha vidonge vya kwinini kwa saa alizoelekezwa, sufuria ya mwarobaini akaiweka kando mpaka dozi ikaisha. Kisha akaendelea kuchemsha, na hakuna aliyemkataza.