Picha ya 36

Juzi binti yangu alikuwa akipekua simu yangu, akapita machweo moja baada ya jingine, kisha akauliza, "Baba, mbona zote ni ileile?" Sikumjibu, kwa kuwa swali lake lilinirudisha Mwanza, Agosti ya mwaka 1999, kwenye mawe ya ufukweni yanayotazamana na Jiwe la Bismarck, nikiwa na kamera ya kuazima na filamu iliyobakiwa na picha moja tu.

Zile 35 nilizimaliza kwa pupa: pimbi wakiota jua juu ya mawe, korongo wakizengea matumbo ya samaki, wadudu wa ziwani wakiinuka kwa mbali kama moshi wa shamba linaloungua. Ya mwisho nilimwekea mdiria, yule wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye kabla ya kujitosa majini husimama hewani akipiga mabawa kwa kasi, mdomo ukielekea chini. Nilitaka asimame hivyo mbele ya jua.

Pembeni yangu mzee mmoja alikuwa akitengeneza wavu wa dagaa. Nilikwisha kumwamkia, naye alinitazama muda mrefu kabla ya kusema, "Mjukuu wangu, jua hilo kesho litakuwepo. Nipige mimi, nimpelekee bibi yako Ukerewe."

Nikamwambia, "Babu, imebaki moja."

"Basi si ndiyo hiyo hiyo?"

Kule kwetu karibu na ikweta jua halijivuti kwa mshazari. Linashuka wima, na tangu liguse vilima vya ng'ambo hadi lizame lote hazipiti dakika mbili au tatu. Mdiria alikuja, akasimama hewani. Maji yalikuwa na rangi ya shaba, sindano ya mzee ikaacha kutembea, na nadhani sote wawili tulizuia pumzi, ingawa huenda yeye alikuwa akinisubiri nigeuke. Ndege alijitosa. Nilibonyeza, na nilipoinua jicho duara jekundu lilikwisha kuwa ukucha. Mzee alirudia wavu wake bila kusema neno, nami nikaaga kwa haraka ambayo sikuwa na sababu nayo.

Picha ziliposafishwa, mdiria hakuwemo. Jua ambalo machoni lilikuwa kubwa kama ungo lilitoka kitone cheupe, jambo ambalo mwenye kamera angeweza kunionya mapema: kwa lenzi ya milimita 50, taswira ya jua kwenye filamu haifiki hata nusu milimita, na ukubwa ule wa jioni ni macho tu yanayotudanganya. Ila kwenye kona ya kushoto, chini, kimeingia kiwiko cha mzee na kipande cha wavu.

Tangu hapo nimepiga machweo mengi kwa utulivu kabisa, kwa kuwa simu haina picha ya mwisho. Nilimtolea binti yangu ile ya karatasi, akauliza kiwiko ni cha nani, nikasema jina lake sikuliuliza. Aliweka vidole viwili juu ya karatasi akavitanua, kama afanyavyo kwenye simu, ili mtu yule aongezeke, kisha akajicheka. Sikumwambia kwamba nami niliwahi kujaribu, kwa kioo cha kukuzia.