Makobazi ya Arusha hadi Kigali, bila dalali

Kabla sijapeleka jozi hata moja ya makobazi Rwanda, nilikuwa nimeshapata washauri wengi kuliko wateja. Wapo walionionya kwamba nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 26,000 haina soko la kumtoa mtu jasho, na wapo, hasa wale ambao hawajawahi kuvuka mpaka wa Rusumo, walioapa kwamba bila mtu wa ndani sitasajili chochote. Walionichekesha zaidi ni wale waliokariri orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara, ile ya mwaka 2020 iliyoiweka Rwanda nafasi ya 38 na Tanzania nafasi ya 141, kana kwamba orodha hiyo ni hati ya kusafiria. Niliwakumbusha kwamba benki yenyewe iliifuta ripoti hiyo Septemba 2021, baada ya kubainika kasoro katika takwimu za nchi kadhaa, na kwamba kwa upande wetu ilipima Dar es Salaam peke yake, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuja Sakina, hapa Arusha, kuuliza karakana yangu inahangaikaje na leseni.

Kuhusu usajili, hata hivyo, sifa za Rwanda ni za kweli. Shughuli hiyo iko chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, ambayo ofisi zake ziko Gishushu, Kigali. Maombi hufanywa mtandaoni bila ada, mgeni halazimishwi kutafuta mwenyeji wa kushika hisa, na namba ya mlipakodi hutoka pamoja na cheti cha kampuni. Sitaeleza hatua zake, kwa kuwa anayeweza kutuma fedha kwa simu ataziweza.

Ndiyo maana bado ninamkasirikia bwana mmoja wa hapa mjini aliyetaka laki kadhaa ili, kwa maneno yake, anifungulie njia. "Dada yangu," aliniambia, "Kigali huingii kwa kubisha hodi, unaingizwa." Baada ya muda aliniletea nakala ya cheti yenye mhuri wa duara uliofifia, jina la kampuni yangu likiwa limeandikwa vizuri kabisa, na mkurugenzi akiwa mtu nisiyemjua. Nilimkaribisha chai, nikafungua simu mbele yake na kulitafuta jina hilo katika mfumo wa usajili. Halikuwepo, yaani lilikuwa bado wazi, nami nikaanza kulijazia fomu hapo hapo huku yeye akikoroga sukari. Kwa bahati nzuri sikuwa nimempa hata senti.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani, nayo ni cheti cha uasilia wa bidhaa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa Arusha, lakini ujirani huo haumpunguzii mtu karatasi. Chini ya Umoja wa Forodha, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya huingia nchi nyingine mwanachama bila ushuru wa forodha, mradi ithibitishwe kwamba kweli imetengenezwa humu. Bila uthibitisho huo inatozwa kama mali iliyotoka ng'ambo. Tatizo langu lilikuwa shanga. Shanga ninazotumia, kama zilivyo nyingi katika mapambo ya Kimasai, ni za kioo na hutoka Jamhuri ya Cheki. Mshauri mwingine, ambaye sijui nani alimteua, alinitaka nisizitaje kabisa.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nilichukua kobazi moja zuri, nikalifumua lote: soli, mikanda ya ngozi, uzi, bizimu na shanga, nikavigandisha vipande hivyo juu ya kadibodi kubwa, na chini ya kila kimoja nikaandika kilikotoka, bei yake, na muda ambao fundi hutumia kukifanyia kazi, kisha nikabana risiti kwa nyuma. Kanuni za uasilia za Jumuiya za mwaka 2015 hazidai kila kijenzi kiwe cha nyumbani. Kinachotazamwa ni kazi iliyofanyika humu hadi kitu kikawa bidhaa nyingine. Ofisa aliyepokea maombi aliitazama kadibodi kwa muda mrefu, akawaita wenzake wawili, na mmoja akauliza kama jozi ya namba yake inapatikana. Maswali niliyokuwa nimeyaogopa hayakuulizwa. Kadibodi hiyo ninayo mpaka leo, nami huionyesha kwa mgeni yeyote wa karakana, atake asitake.

Mpakani nilimtumia wakala wa forodha mwenye leseni, ambaye msimchanganye na dalali, kwa sababu tamko la forodha ni kazi yake halali na malipo yake yalikuwa ya kawaida. Rusumo ni kituo kimoja cha pamoja, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili humalizwa sehemu moja, na hapo ndipo lori huhamia upande wa kulia wa barabara. Msifungashe kwa mifuko ya plastiki, kwa kuwa Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Mimi nilitumia magunia ya katani, na muuzaji wangu wa soko la Kimironko, Kigali, aliyapenda karibu sawa na makobazi.

Kilichobaki ni kodi, ambayo washauri wote waliisahau. Ushuru wa forodha haupo, lakini VAT ya asilimia 18 ipo palepale, risiti lazima zitoke kwenye mfumo wa kielektroniki, na ritani huwasilishwa hata kwa kipindi ambacho hukuuza kitu. Anayeijaza akiwa Arusha akumbuke tu kwamba saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na saa hiyo imeshaniokoa zaidi ya mara moja.