Rangi zilizopauka baada ya kutuma picha: nilivyozirudisha
Machweo ya Forodhani, Zanzibar, yalikuwa mekundu kwenye kompyuta. Kwenye simu za jamaa yakapauka kama kanga iliyofuliwa mno. Kisa chake: kamera ilihifadhi JPEG katika Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB, ule wa kawaida wa simu na wavuti. Programu isiyosoma lebo ya ndani ya faili inayotaja mfumo huo huzichukulia namba za rangi kuwa za sRGB, rangi zikafifia. Kuzikoleza kwa mkono si dawa, huharibu rangi ya ngozi za watu.

Nilifungua faili asilia, nikageuza rangi kuwa sRGB. Kugeuza hasa, maana kubandika lebo ya sRGB tu huziacha zimepauka vilevile. Nikahifadhi JPEG ya ubora 85, upande mrefu pikseli 2048, lebo ikiwa ndani. Kamera nayo nikaiweka sRGB. Faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, haziathiriwi na mpangilio huo.