Utomvu wa Manjano

Nilikuwa na miaka 13, na mdogo wangu 7, siku nilipomnywesha shubiri. Bibi alikuwa ametoka, nyumba tuko wawili tu, naye amejikunja kitandani akisema tumbo linamuuma. Sikumwuliza linauma wapi wala limeanza lini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mshubiri uliokuwa nyuma ya nyumba, nikakata jani nene kuliko yote, nikalikamua kikombeni mpaka nikapata vijiko viwili vya utomvu wa manjano. Nilimshika pua, akameza huku analia.

Ujasiri ule ulianza wiki chache nyuma, mvuke wa sufuria uliponibabua mkono. Bibi aliuweka mkono wangu kwenye maji baridi yanayotiririka, akaushikilia humo muda mrefu mpaka nikachoka kusimama. Ndipo akakata jani la shubiri, akalisimamisha kikombeni, upande uliokatwa ukiwa chini. Tukasubiri. Tone la manjano, jingine, jingine. Lilipokauka aliliosha jani, akamenya ganda, akanipaka ule ute mweupe, baridi, usio na harufu kali. Kikombe akakimwaga chooni. Mimi, niliyekuwa nikitazama kila hatua, nikaamini kwamba amemwaga dawa yenyewe. Kitu kichungu kiasi kile kingekosaje nguvu?

Nguvu kilikuwa nayo. Kabla ya usiku wa manane mdogo wangu alianza kuharisha, na tumbo likamsokota hivi kwamba alishindwa hata kulia kwa sauti. Bibi alikuwa amesharudi. Alinitazama mara moja tu, akauliza: "Umempa nini?" Nikamwambia. "Kiasi gani?" Nikamwambia. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kidogo, akakoroga, akaanza kumpa mtoto kidogo kidogo. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa na kuhesabu mara ngapi amekwenda choo. Nilihesabu mpaka saa kumi na moja alfajiri, alipolala.

Nikiwa mtu mzima nimesoma mengi kuhusu mmea ule, na kila ninachosoma kinanirudisha kwenye taa ile. Chini kidogo ya ganda la shubiri kuna mirija midogo inayobeba utomvu wa manjano. Ndani yake mna aloini, inayoamsha utumbo kwa nguvu. Ute wa katikati ni kitu kingine kabisa, hutuliza ngozi iliyoungua. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza aliyeeleza mimea takribani 600 katika kitabu chake cha dawa, aliandika kwamba shubiri huendesha tumbo na pia huponya vidonda, na akataja vipimo vya kunywa. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za kuendesha zenye utomvu huo, zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, ziondolewe sokoni kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Nilisoma habari ile nikamwona bibi akimwaga kikombe.

Lakini anayenigusa zaidi ni mwanamke mmoja wa Shropshire, Uingereza. Mwaka 1775 daktari William Withering alitakiwa atoe maoni kuhusu dawa ya ugonjwa wa kuvimba mwili ambayo mama huyo mzee alikuwa akiitunza kwa siri. Ilikuwa na mitishamba ishirini au zaidi. Withering alitambua kwamba kati yake mmoja tu, digitali, ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mmea huo huo ukizidi kidogo huua. Akatumia miaka kumi akitafuta kipimo, kisha mwaka 1785 akachapisha habari za wagonjwa zaidi ya 150, wakiwamo wale ambao dawa iliwadhuru. Namheshimu kwa kuyaandika hata hayo. Jina la yule mama hakuliandika, na mimi hilo linaniuma, kwa sababu bibi yangu naye hajaandikwa popote.

Asubuhi ile bibi alinipeleka kwenye mshubiri. Nilitegemea aung'oe. Badala yake alikata jani, akalipasua kwa urefu, akaniwekea kiganjani.

"Hili ni ganda. Hii manjano ni dawa ya choo kigumu, tena kwa mtu mzima, tena tone. Mwenye mimba haipati kabisa. Na huu ute ni wa ngozi. Jani moja, mjukuu wangu, lakini si dawa moja."

"Bibi, nilidhani tumbo ni tumbo."

"Tumbo linalouma hujui kwa nini, hulipi dawa ya kuendesha. Huenda kuna kitu ndani kinataka kupasuka. Unamwita mkubwa, mnampeleka hospitali."

Kisha akachukua jani jingine, akalisimamisha kikombeni, akaniambia nikae nilitazame mpaka liache kudondosha. Nilikuwa sijalala, macho yananiwasha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba shubiri na subira yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Siku hiyo niliona matone tu, ya kwanza yakifuatana haraka, ya mwisho yakining'inia muda mrefu kabla ya kuanguka.

Mdogo wangu alitoka nje amejifunika shuka, midomo imemkauka, akakaa kando yangu. Alipotambua kilichomo kikombeni alisogea nyuma. Nilinyanyuka, nikaenda kukimwaga mwenyewe, nikanawa mikono mara mbili, kisha nikamletea maji yake ya chumvi na sukari. Alinitazama kwanza usoni. Halafu akamgeukia bibi, na bibi alipotikisa kichwa kukubali, ndipo akanywa.