Inzi wangu na swali la bibi

Jumatatu na Alhamisi ndizo siku zangu za kupika uji. Unga wa mahindi, sukari, hamira, na agari inayotokana na mwani, ili ugande. Nikikoroga, chumba kizima hunukia kama mtaa wa Kibokoni, kwetu Mombasa, wakati wa kufuturu. Wanaokula ni inzi. Mama alipojua hilo alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema: "Kusoma kote kule, ni wende ukawapikie inzi uji?"

Huu ni mwaka wa sita niko London, na kazi yangu ni kutafuta kwa nini viumbe huzeeka. Inzi wangu ni wale wadogo wanaozunguka embe lililoiva kupita kiasi pale sokoni Marikiti. Asili yao ni Afrika. Walitapakaa duniani wakimfuata binadamu, na hakuna aliyewaomba viza. Chumba chao kina joto la nyuzi 25, kama Mombasa mwezi wa Julai. Januari huwa naingia humo hata nikiwa sina shughuli.

Jaribio ninalowafanyia inzi hawa si geni. Mwaka 1984 mwanabiolojia Michael Rose alichapisha matokeo yake: alikuwa akitupa mayai ya inzi vijana na kulea yale tu yaliyotagwa na wazee. Vizazi vikapita, na inzi wakawa wanaishi muda mrefu kuliko wenzao. Ila ujanani walitaga kidogo. Ujana na uzee vinachota katika mtungi mmoja, na hapo ndipo penye utamu wa fani hii. Mwanabiolojia mwingine, Peter Medawar, alikuwa ameshaeleza sababu mnamo 1952: jeni, yaani chembe ya urithi, ikikudhuru ukiwa na miaka 70, watoto umeshawarithisha zamani, na uteuzi asilia, ule mchujo wa maumbile unaobakiza jeni za wanaozaa zaidi, hauna pa kuishikia. Mwenzao George Williams akaongeza mwaka 1957 kwamba zipo jeni zinazokufaa ujanani na kukudhuru uzeeni. Ni kama kukopa dukani: unakula leo, deni laja ukiwa huna nguvu za kulipa.

Kwangu, kwa kuwa nangoja inzi wazeeke ndipo nichukue mayai, kizazi kimoja huchukua kama wiki 10, nao mkataba ni wa miaka 3. Hesabu mwenyewe: vizazi 15, kisha nibishe hodi tena kwa wafadhili. Nimeshawahi kukabidhi chupa zangu kwa mtu mwingine mkataba ulipokwisha. Niliumia zaidi ya nilivyotarajia, kwa inzi!

Agosti iliyopita nilirudi nyumbani. Barazani mjomba hakungoja hata kahawa iletwe: "Haya, dawa umeileta?" Nikamwambia hakuna dawa, kuna maelezo tu. Akaguna. Nikajieleza kama nilivyojieleza hapa, kwamba maumbile hayashughuliki sana na mwili ukishamaliza kuzaa. Bibi alikuwa mlangoni akichagua mchele, nikidhani hasikilizi. Akainua kichwa.

"Na sie tuliomaliza kuzaa zamani, twangojani?"

Watu wakacheka. Mimi nilikwama, kwa kuwa swali hilo ndilo linalowasumbua wakubwa wa fani. Mwanamke huacha kuzaa akaishi miaka mingi tena. Kwa wanyama wengi haiko hivyo. Nikamsimulia habari za mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliokaa na Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Waliona wanawake wazee wakichimba mizizi kwa bidii, mizizi ambayo mtoto mdogo hana nguvu za kuichimbua. Mama akijifungua tena, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuatana na uchumaji wa bibi yake. Kwa hiyo bibi anayelisha wajukuu anazisaidia jeni zake zisonge mbele hata kama hazai tena. Wapo wataalamu wasiokubali kwamba hilo latosha kueleza umri wetu mrefu. Mimi nalikubali, na sababu yangu haingepita kwenye jarida lolote: mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza nguo, na mahamri yangu ya asubuhi yalitoka mkononi mwa bibi, kila siku, mpaka nilipoingia sekondari.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, akatoa kijiwe kwenye ungo akakitupa uani.

"Na hao Wahadza, walilipwa?"

Sikuwa na jibu. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa.

Nimerudi London, kizazi cha 9 kimeanza kutaga. Kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu nyumbani, na bibi, kabla hajaniuliza hali yangu, huuliza kama inzi wameshakula.