Herufi Tano za Ajuza

Nilikuwa na miaka 24, mgeni kwenye chumba cha habari, na kazi yangu usiku ule ilikuwa kubana vichwa vya habari viingie kwenye safu. Ikaja taarifa ya mwanamke aliyejitosa mtoni akamtoa mtoto aliyekuwa anazama. Safu nyembamba. "Mwanamke" lina herufi nane, "ajuza" tano. Nikaandika: "Ajuza wa miaka 61 aokoa mtoto mtoni." Umri ulikuwa umejificha chini kwenye mabano, mimi ndiye niliyeupandisha juu. Nikajiona fundi. Nani asingesoma habari za bikizee kupiga mbizi?

Kesho yake saa nne simu ikalia. Aliponiambia yeye ni nani, nikaruka haraka:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Bibi yako nani?"

Nikameza mate.

"Mwanangu, ajuza ni yule anayeshikwa mkono kwenda msalani. Mimi nimevuka maji na mtoto mgongoni."

Nikajitetea kwamba Umoja wa Mataifa huhesabu wazee kuanzia miaka 60. (Hoja ya kipuuzi, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.)

"Mzee sawa, sijakataa. Hebu fungua ukurasa wa tatu."

Nikafungua. Bwana mmoja na tai yake, kateuliwa mwenyekiti wa bodi. "Mchumi mbobezi aula." Umri wake ulikuwa aya ya mwisho kabisa: 63.

"Mbona huyo hamkumwita shaibu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitaka tusahihishe, nami nikapeleka ombi kwa mhariri, ambaye hata hakuinua macho: "Ana miaka 61, hana?" Anayo. "Basi kosa liko wapi?" Kwa kanuni zetu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Namba huwezi kuiomba radhi.

Jioni, wenzangu walipoondoka, niliichomoa taarifa ya awali kutoka kwenye faili. Aya ya nne nilikuwa nimeipiga mstari kwa kalamu nyekundu, mkono wangu mwenyewe, ili habari itoshe. Ilisema mama yule alikuwa mwalimu wa kuogelea kwa miaka 30.

Nikachukua karatasi nikaandika: "Mwalimu aokoa mtoto mtoni." Nikahesabu herufi, nikarudia kuhesabu. Kingeingia, na nafasi ingebaki.