Biti za dhahabu na alama ya kidole changu

Wiki iliyopita tulipata kazi ya flanji za stenlesi, sahani za unene wa milimita 10, matundu 48 ya milimita 8. Mteja anazitaka Ijumaa. Nikavuka barabara, nikanunua pakiti ya biti kumi za kutobolea chuma, za rangi ya dhahabu, zinang'aa kama pete za harusi. Ya kwanza ilikufa kwenye tundu la tatu. Ya pili haikumaliza hata moja: ilipiga kelele, ikatoa moshi, na nilipoichomoa ncha ilikuwa imegeuka buluu na dhahabu yote ya mbele imekwisha. Mzee ninayefanya naye kazi hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyeanza kuchonga vyuma kabla sijazaliwa, akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Mwanangu, si nilikwambia? Hizi wanazipaka rangi tu."

Kuhusu zile biti, Mzee alikuwa sahihi. Kuhusu rangi, hapana, na nimekuwa nikimwahidi kumweleza vizuri tangu niliporudi kutoka India. Naandika hapa kwa sababu mafundi wengi wanaamini kama yeye, na kwa biti tunazouziwa mtaani siwalaumu.

Nilisoma uhandisi wa mitambo Pune. Likizo ya mwaka wa tatu nilienda mafunzo kwa vitendo, miezi miwili, kwenye karakana ambayo kazi yake ni moja: kuvalisha zana za kukatia utando mwembamba ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Mashine yenyewe ni pipa la chuma lenye mlango mzito, mtu mzima anasimama ndani. Biti zinapangwa wima kwenye vishikio vinavyozunguka, navyo vimekaa juu ya meza inayozunguka, ili kila upande upate haki yake.

Mlango ukifungwa, pampu zinanyonya hewa mpaka inayobaki ni kama sehemu moja kwa milioni mia ya hewa ya nje. Nilipouliza kwa nini wahangaike hivyo, jibu lilinibadilisha namna ya kuutazama uchafu. Chuma kilichosafishwa kabisa, ukikiacha kwenye hewa ya kawaida, kinafunikwa na tabaka la chembe za hewa hata kabla hujapepesa jicho. Utando wowote utakaouweka hapo utakuwa umekaa juu ya lile tabaka, haujakishika chuma. Na titani, metali inayotengeneza utando wenyewe, inaipenda oksijeni kupita kiasi. Ikiikuta humo ndani, itajifunga nayo kwanza.

Joto linapandishwa mpaka nyuzi 450 hivi. Inaingizwa gesi kidogo ya agoni, umeme unaiwasha mwanga wa zambarau, na chembe zake zinazipiga biti kama mchanga laini, zikiondoa uchafu wa mwisho. Ndipo zinawashwa cheche kwenye mabamba ya titani yaliyo ukutani. Kuna kidirisha cha kioo kizito; ukichungulia unaona nukta za moto mweupe zikikimbia juu ya titani kama siafu waliochokozwa. Titani inageuka mvuke wenye chaji, naitrojeni inafunguliwa, na biti zina umeme hasi unaouvuta ule mvuke. Vitu hivyo viwili vinakutana juu ya chuma na kuwa titani naitraidi, ambayo rangi yake ya kuzaliwa ni dhahabu. Hakuna aliyeshika brashi. Unene wake ni mikromita 2 hadi 4, na unywele mmoja wa kichwani kwako una kama 70. Lakini kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, chuma kigumu cha biti kiko kwenye 850 hivi, na utando huo unapita 2000.

Siku ya tisa pale karakana nilikuwa nimevua glovu ninywe maji. Kurudi nikaona biti moja imeinama kwenye kishikio, nikainyoosha kwa kidole gumba. Sekunde moja tu. Mlango ulipofunguliwa baada ya saa kadhaa, biti zote zilikuwa za dhahabu safi, isipokuwa ile moja yenye doa la hudhurungi, na ndani ya doa mistari ya kidole changu, imesimama kama kwenye kitambulisho cha taifa. Msimamizi akabandika utepe wa gundi juu yake, akauvuta. Doa likaja na utepe. Hakunifokea. Alinikabidhi ile biti nikae nayo, na mpaka leo iko kwenye droo yangu.

Kuna jambo ambalo Mzee atalielewa kuliko mimi, kwa sababu anajua joto linavyoharibu makali. Njia ya zamani ya kuvalisha utando mgumu ilikuwa kwa gesi za kemikali kwenye nyuzi 1,000 hivi. Kabidi, ile ya zana ngumu kuliko chuma, inastahimili joto hilo. Biti ya chuma cha kasi, yaani kile chuma kigumu cha biti, haistahimili, maana ugumu wake umewekwa kwa kuichoma tena kwenye nyuzi 550 hivi. Ukiipeleka juu sana ya hapo inalainika. Ombwe na umeme ndivyo vilivyoruhusu kazi ifanyike chini ya nyuzi 500. Mashine za cheche za namna ile ziliendelezwa sana Kharkiv, Ukraine, miaka ya 1970 enzi za Sovieti, na kufikia miaka ya 1980 biti za dhahabu zilikuwa zimeenea duniani.

Tangu hapo wameongeza alumini kwenye titani. Utando huo una rangi ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, na uzuri wake unaonekana kazi inapokuwa ya moto: alumini iliyomo inajitengenezea ngozi ya oksidi, ikazuia joto lisipenye. Wa dhahabu unaanza kuungua kwenye nyuzi 550 hivi. Huu mweusi unafika 800. Lakini usiutumie kutoboa alumini, itagandamana nao. Ombwe hilohilo, kwa mashine tofauti, ndilo linaloweka alumini ndani ya pakiti za krispi na kuondoa mng'ao kwenye miwani.

Sasa biti za pakiti yangu. Chuma cha kawaida kilichosuguliwa, ukikipasha hadi nyuzi 230 hivi, kinageuka rangi ya majani makavu. Ukikitazama haraka ni dhahabu. Na hata utando ukiwa wa kweli, chini yake kukiwa na chuma laini ni sawa na vigae juu ya tope. Muuzaji aliniambia ni "orijino". Hilo linaniuma, kwa sababu fundi anapoteza hela, siku na mteja, kisha analaumiwa yeye.

Jumatatu nilinunua biti mbili tu za chuma chenye kobalti, zenye utando mweusi. Moja ilikaribia bei ya pakiti nzima. Mizunguko 400 hivi kwa dakika, mafuta ya kukatia, na mkono usiolegea, maana stenlesi ukiisugua bila kuikata inakuwa ngumu palepale. Baada ya matundu 30 niliipeleka biti kwenye jiwe la kunolea. Mzee akaniwahi: "Si umeshautoa huo utando wako?" Nikamwonyesha: umetoka nyuma ya makali tu. Ndani ya mifereji, maranda yanakopitia, bado upo.

Akaifunga mwenyewe kwenye mashine. Maranda yakapanda marefu, yamejisokota, pande zote mbili sawasawa. Alitoboa yote yaliyobaki bila kusema kitu, akaifuta biti kwa tambara, akaiweka kwenye kopo lake la maziwa ya unga, lile ambalo mimi siruhusiwi kuligusa.